Kura Arubaini na Moja

Kapteni Zakiya aliutazama mhadhara wa Dokta Yaqdhan mara tatu, na kila mara alimchukia kwa sababu mpya. Mwanzo ilikuwa sauti, ile sauti ya mtu anayejisikiliza mwenyewe na kuburudika. Baadaye ikawa mkono, uliokuwa ukiinuka na kushuka polepole kama vile anawagawia wanafunzi hewa ya kuvuta. Mara hii ya tatu alimchukia kwa jambo zito zaidi. Alianza kushuku kwamba mzee yule hakuyaelewa aliyokuwa akiyasoma.

Alikuwa ndani ya gari la idara, simu ameiegemeza kwenye usukani, mbele ya jengo la ghorofa tano huko Wattaya, Maskati. Chini ya jengo lile kulikuwa na duka la magari mapya. Juu yake kulikuwa na kituo cha utafiti wa sheria ambacho Dokta Yaqdhan alikianzisha mwenyewe, akakipa jina la ukoo wake, kisha akajiteua mkurugenzi wake wa maisha. Kwenye simu alionekana na kilemba kilichofungwa vizuri na rafu za vitabu nyuma yake, akiwahutubia kwa mtandao wanafunzi wa chuo kimoja cha Ulaya juu ya sheria yao wenyewe.

Mhadhara ulianza Alhamisi saa kumi na nusu za jioni. Dakika hiyohiyo, msaidizi wake wa utafiti, Fajr, mwanamke wa miaka ishirini na tisa mwenye ugonjwa wa pumu, alikuwa amefungiwa katika chumba cha nyaraka chini ya ardhi, katika jengo hili hili. Mhadhara ulipokwisha, Fajr alikuwa ameshakufa.

"Kanuni ya subsidiariti," alikuwa akisema Dokta, "ni adabu ya madaraka. Umoja wa Ulaya, nje ya yale mambo machache ambayo ni yake peke yake, hauna ruhusa kuingilia jambo ambalo nchi mwanachama, au mkoa wake, au mji wake, unaweza kulifanya vya kutosha. Uamuzi unatakiwa ukae karibu na raia kadiri inavyowezekana. Mkubwa asimvue mdogo kazi yake."

Zakiya alisonya peke yake garini. Mtu huyu alikuwa na wafanyakazi tisa, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kuagiza karatasi za kuchapia bila saini yake. Mtunza maktaba alimwambia Zakiya kwamba hata kiyoyozi cha chumba cha wageni kiliwashwa na kuzimwa kwa simu ya Dokta, Dokta akiwa kwake Bawshar amelala.

Mhadhara uliendelea. Dokta alieleza jinsi mabunge ya nchi wanachama yanavyoilinda kanuni ile. Tume ya Ulaya ikileta pendekezo la sheria, kila bunge lina wiki nane za kulipinga kwa maandishi. Kila nchi ina kura mbili. Nchi ni ishirini na saba, kwa hivyo kura ni hamsini na nne. Zikifika theluthi moja, yaani kura kumi na nane, Tume inaoneshwa kadi ya njano na inalazimika kulitazama upya pendekezo lake.

"Lakini katika mambo ya polisi na ya mahakama za jinai," alisema, mkono umeinuka, "sharti limepunguzwa. Hapo robo tu inatosha. Kura arubaini na moja."

Zakiya alisimamisha simu. Akarudisha nyuma. *Robo tu inatosha. Kura arubaini na moja.* Yeye hakusoma sheria za Ulaya, lakini skuli alisoma hesabu. Alipiga simu idarani kwa Saud, fundi wao wa kompyuta, mtu wa makamo aliyekuwa akinung'unika kila akipigiwa.

"Saud, robo ya hamsini na nne ni ngapi?"

"Kumi na tatu na nusu. Ndicho ulichonipigia?"

"Ukipandisha juu?"

"Kumi na nne. Zakiya, nna kazi."

"Kompyuta ya chumba cha nyaraka umeshaifungua?"

"Jana usiku. Haina mtandao, imekatwa makusudi. Kazi ya mwisho ya marehemu ni ukurasa mmoja. Ameuanza saa tisa na dakika kumi, ameuchapa saa tisa na dakika thelathini na tano. Nakala moja."

"Hiyo nakala iko wapi?"

"Ningejua ningekwambia. Ndani ya chumba hakuna. Kwenye mkoba wake hakuna. Mapipa tumeyapekua yote."

"Nisomee. Tafuta mahala palipotajwa polisi."

Alisikia Saud akibonyeza na kuguna. "'Katika mambo ya polisi na ya mahakama za jinai sharti limepunguzwa, robo tu inatosha.' Halafu kaandika kura nne moja. Arubaini na moja." Saud aliguna. "Kakosea, masikini. Alitaka kuandika moja nne."

"Alikosea," alisema Zakiya. "Mwenzake akasoma."

Akakata simu. Sasa alijua alichokuwa akikitafuta. Slaidi ambazo Dokta aliwapelekea wenyeji wake wa Ulaya saa sita za mchana ule alikuwa nazo katika jalada. Zilisema kura kumi na tisa kati ya hamsini na sita, hesabu ya zamani, kabla Uingereza haijajitoa. Habari ya polisi na robo haikuwamo kabisa. Kwa hivyo, kati ya saa sita na saa kumi na nusu, Dokta alipata hesabu mpya pamoja na kosa jipya, na vyote viwili vilikuwa kwenye karatasi moja tu duniani, iliyochapwa katika chumba ambacho yeye aliapa hakukikanyaga siku ile.

Maelezo yake ya Ijumaa yalikuwa mafupi na ya dharau. Aliondoka kituoni saa nane kwa lifti yake, inayoteremka moja kwa moja kwenye maegesho ya chini ya ardhi, jirani na chumba cha nyaraka, yanayotokea barabara ya nyuma. Lifti ile haina kamera. Alikataa mwenyewe isiwekwe. Alikwenda nyumbani Bawshar. Fajr, alisema, aliingia chumbani kwa kadi yake mwenyewe baada ya hapo, na mlango ukaleta hitilafu. Kumbukumbu za mlango za siku ile zilianza saa kumi na moja na dakika thelathini na nane, Dokta alipoufungua kwa simu yake baada ya kupigiwa na mlinzi. Za kabla ya hapo hazikuwapo. "Mitambo," alisema, "ndivyo ilivyo."

Zakiya alikuwa amepoteza siku mbili kwa mtu mwengine. Muatasim, aliyekuwa mchumba wa Fajr, alionekana kwenye maegesho alasiri ile, na wiki moja kabla waligombana kwa simu mpaka majirani wakasikia. Dokta ndiye aliyemtaja, kwa upole mwingi, bila ya kuulizwa. Kumbe Muatasim alikuwa dukani chini akisubiri gari lake litoke matengenezoni, amekaa kwenye kiti kimoja tangu saa tisa mpaka magharibi, anaonekana na kamera mbili, analala na kuamka. Siku mbili zilipotea. Lakini kamera zile mbili zilikuwa zikitazama pia lango la kituo, na Zakiya alikwisha kuzitazama zote.

Alishuka garini, akaingia ndani.

Mlinzi alikuwa kwenye meza yake, juu ya ngazi zinazoteremka chumba cha nyaraka. Jina lake Thani, mtu wa miaka sitini na nane, mzaliwa wa Tabora, aliyekuja Maskati na wazee wake angali kijana na mpaka leo Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Alisimama alipomwona Zakiya. Alikuwa mtu wa kumwinukia kila mtu.

"Sabalkheri, ami Thani."

"Sabalkheri, mama. Karibu."

"Kaa. Nataka kukuuliza juu ya lile gari."

"Gari gani, mama?"

"Alhamisi saa kumi na dakika kumi na mbili, kabla ya ile simu ya mwisho, ulimpigia Dokta kutoka simu hii ya mezani. Mmezungumza sekunde hamsini. Ukaniambia ulimpigia kwa sababu ya gari jeupe la mgeni lililoziba lango. Dokta naye kaniambia gari jeupe la mgeni lililoziba lango. Neno kwa neno."

"Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyokuwa."

"Lilikuwa la aina gani?"

Thani alilamba midomo. "Sikuangalia vizuri."

"Watu wa duka wana kamera mbili zinazotazama lango lenu. Nimezitazama tangu saa tisa mpaka adhana ya magharibi. Hakuna gari jeupe. Hakuna gari lolote lililosimama pale."

Mzee alitazama mikono yake. Lilipita lori la maji nje, na vioo vya mlango vikatetemeka mpaka likatokomea. Zakiya hakumsaidia. Alikuwa ameshawaona watu wengi wa namna hii, na alijua kwamba ukiwahurumia mapema hujificha ndani ya huruma yako.

"Alibisha," alisema Thani.

"Nani?"

"Fajr. Alibisha mlango. Kwanza nilidhani ni mabomba. Nikashuka. Nikasema, nani? Akasema, ami Thani, nifungulie, nimesahau dawa yangu juu. Alikuwa anakohoa. Na mimi kadi yangu haifungui tena, mama. Dokta aliifuta mwezi uliopita, ikaja na waraka. Mlango ule unafunguliwa na Dokta tu, kwa simu yake. Kadi za watafiti zinaingiza, hazitoi. Kwa ndani hakuna hata kitasa. Alisema mafaili yanatoka bila ruhusa."

"Watafiti wengine?"

"Alhamisi wote wanaondoka mapema. Tulikuwa mimi na yeye."

"Ukampigia Dokta."

"Nikampigia. Nikamwambia, Dokta, Fajr yuko chini, anakohoa, anaomba kufunguliwa. Akasema, najua yuko chini. Mwache atulie. Nikimaliza mhadhara nitamfungulia. Nikamwambia, Dokta, anakohoa vibaya. Akasema, Thani, umeusoma waraka au hukuusoma? Usiite mtu, usiguse mlango."

"Alisema 'najua yuko chini'?"

"Ndivyo alivyosema."

Zakiya aliliandika neno lile na kulipigia mstari. "Simu ya dharura unaijua, ami Thani?"

"Naijua."

"Kwenye ukuta ule pana shoka la moto. Unaliona?"

"Naliona, mama."

"Alibisha mpaka saa ngapi?"

Mzee aligeukia ngazi zinazoteremka. "Karibu saa kumi na moja. Nilikaa naye upande wangu wa mlango. Nikamwambia, vumilia, binti yangu, Dokta anakuja. Akasema, ami, haji. Halafu akaacha kusema, akawa anabisha tu. Kidogo kidogo." Alionesha kwa kifundo cha kidole juu ya meza, kisha akauondoa mkono upesi kama meza imemuunguza.

"Baadaye Dokta akakufundisha habari ya gari."

"Aliniambia tutafungwa wote wawili. Nina wajukuu nyumbani, mama."

Zakiya alimdharau. Alimdharau kwa shoka, kwa simu, na kwa lile neno "vumilia". Lakini alijua vilevile kwamba huyu aliyekaa mbele yake alikuwa amefundishwa, kidogo kidogo, kwa waraka baada ya waraka, kwamba akili yake haitakiwi kazini. Alimwandikisha maelezo upya, akamsomea yote kwa sauti, akamwonesha pa kutia saini. Thani aliuliza kama anakamatwa.

"Utakwenda na gari langu mpaka idarani, utasubiri. Mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua juu yako. Kofia yako umeisahau."

Nyumba ya Dokta Yaqdhan huko Bawshar ilikuwa na ukuta mrefu kuliko za jirani zake, na lango lililofunguka lenyewe baada ya kumweka mgeni juani kwa dakika nzima. Saud, aliyefika na idhini ya mwendesha mashtaka mfukoni, alitazama saa yake mara mbili. Wakapokewa katika baraza ya wageni. Hawakuletewa hata maji.

"Bibie," alisema Dokta akikaa, kanzu yake ikiwa nyeupe ya kuumiza macho, "nimekwambia Ijumaa, nikakwambia Jumamosi. Nna miadi saa sita. Kuna watu wanaonisubiri, si watu wadogo."

"Sitakuweka sana, Dokta. Nimekuja unifundishe."

Hilo lilimpendeza. Aliegemea kiti. "Uliza."

"Nimeutazama mhadhara wako. Kuna jambo sikulifahamu. Kadi ya njano. Kwa kawaida zinatakiwa kura kumi na nane."

"Theluthi ya hamsini na nne. Naam."

"Lakini slaidi ulizowapelekea saa sita zilisema kumi na tisa kati ya hamsini na sita."

"Slaidi za zamani. Nilizirekebisha kichwani. Mtu mwenye ilimu haoni tabu."

"Na mambo ya polisi? Hayo yananihusu, ndiyo maana nauliza."

"Hapo sharti limepunguzwa. Robo." Mkono uliinuka kama kwenye mhadhara. "Nimeyaeleza yote. Katazame tena."

"Nimetazama mara tatu. Ulisema arubaini na moja."

"Basi ndiyo hivyo."

"Arubaini na moja ndiyo robo ya hamsini na nne?"

Mkono ulibaki juu. Saud aligeuza uso wake dirishani, na Zakiya akajua kwamba anazuia kucheka.

"Sharti limepunguzwa," aliendelea Zakiya taratibu, "kutoka kumi na nane, likawa arubaini na moja. Umewaambia hivyo wanafunzi mia na zaidi, na wewe mwenyewe hukushtuka. Umeandika vitabu vinne juu ya jambo hili, Dokta. Au jina lako ndilo lililoandika?"

"Ulimi uliteleza."

"Ulimi wako na kidole cha Fajr viliteleza pahala pamoja?"

Alitoa ukurasa ule, Saud ameuchapa upya kutoka kompyuta ile, akauweka juu ya meza ya vioo, akaugeuza umtazame mzee. Dokta hakuugusa.

"Alinitumia kwa barua pepe," alisema.

"Kompyuta ya mule haina mtandao. Wewe ndiye uliyeukata."

"Basi kwa simu. Alipiga picha."

"Kule chini simu hazishiki."

"Alinisomea asubuhi. Nakumbuka sasa. Asubuhi, ofisini kwangu."

"Ameanza kuuandika saa tisa na dakika kumi za alasiri," alisema Saud kutoka dirishani. "Ameuchapa saa tisa na nusu na dakika tano. Wewe ulikuwa umeshaondoka tangu saa nane. Ndivyo ulivyotia saini."

Dokta alimtazama Saud kama mtu aliyesikia kiti kikizungumza. Kisha akamrudia Zakiya, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kirafiki, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwanangu, kwa lafudhi yako, nyie watu wa nyumba gani kule Unguja? Bila shaka tunajuana. Mambo haya tusiyafanye makubwa. Msichana alikuwa mgonjwa. Ilikuwa kadari."

"Alikuwa akitaka nini kwako Alhamisi?"

Dokta alikung'uta kanzu yake.

"Tumesoma daftari lake. Kitabu kinachotoka Ulaya mwezi ujao, sura tano kati ya saba kaandika yeye. Alikuomba jina lake liwekwe. Ukakataa. Akakwambia ataingia kwenye mhadhara kama msikilizaji na atauliza suala mbele ya watu: nani aliyeandika sura ya tatu? Ulimpeleka chini kwa lifti yako akurekebishie hesabu, ukasimama juu ya kichwa chake mpaka akachapa, ukachukua karatasi, ukatoka kwa simu yako, inayosemezana na mlango ule hata pasipo mtandao, na kumfungia ndani. Ulitaka akae mule mpaka wanafunzi wako waondoke. Kipampu chake cha pumu kilikuwa juu, mezani kwake."

"Hayo ni maneno ya daftari."

"Saa kumi na dakika kumi na mbili Thani alikupigia."

"Yule mtu wa bara!" Dokta aliinuka nusu. Kilemba kilisogea. "Mlinzi wa mlango! Unachukua neno lake juu ya neno langu?"

"La. Nimechukua neno lako. Watu mia na zaidi wamelisikia, na limerekodiwa."

Alikaa tena. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Zakiya alifungua daftari lake mwenyewe, akasoma alichokinakili.

"Fajr ameandika kitu nyuma ya daftari lake. 'Dokta anadhani kanuni hii ni hisani ya mkubwa kwa mdogo. Sivyo. Anayetaka kuamua kutoka juu ndiye anayedaiwa sababu, na asipokuwa nayo, hana ruhusa.' Nimelisoma, nami si mwanasheria, nikalifahamu mara moja. Mtu aliyekuwa amesimama mbele ya mlango ule alimsikia anakohoa. Wewe ulikuwa mbali, maili kadhaa. Sababu yako ya kumnyang'anya yeye kadi ilikuwa nini?"

"Nidhamu," alisema Dokta. Kisha, upesi, kwa uchungu wa mtu anayeonewa: "Ningemfungulia! Nilimwambia yule mpumbavu, nikimaliza nitamfungulia. Saa moja tu! Angekaa kimya saa moja tu, angetoka mzima. Kila mtu katika kituo kile anadhani anaweza kuniamulia. Mlango wangu, kituo changu, mhadhara wangu!"

Saud alikuwa ameacha kutazama dirisha, alikuwa akiandika. Dokta alisikia kalamu, na ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe.

"Nataka kuzungumza na mkubwa wako," alisema.

"Mkubwa wangu yuko kazini kwake."

"Na mkubwa wake yeye. Nnawajua. Nipe simu. Jambo kama hili haliamuliwi na kapteni."

"Limeshaamuliwa. Idhini ya kukukamata hii hapa, unaweza kuisoma, hesabu zake ni sahihi. Simama, Dokta."

Alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyempa mkono.

Kulikuwa na ofisa idarani ambaye kazi yake ilikuwa kuwapelekea jamaa wa marehemu habari za kesi. Zakiya alimpigia akamwambia asiende. Saa nane na robo alikuwa Ghubra, katika nyumba ndogo ya mama yake Fajr, Bi Sayyida, mjane aliyekuwa mwalimu wa skuli kwa miaka thelathini. Wanawake wa mtaani walikuwa wamejaa sebuleni. Bi Sayyida aliwaomba watoke kidogo, wakatoka.

Zakiya alimweleza yote kwa mpango, tangu karatasi mpaka kukamatwa. Hakutaja jina la kanuni wala idadi ya kura. Bi Sayyida alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anamsikiliza mwanafunzi aliyejitayarisha vizuri. Kuhusu Dokta hakuuliza kitu. Jina lake lilipotajwa alitikisa kichwa mara moja, kama anayefukuza nzi, na likapita.

"Alibisha mlango?" aliuliza.

Zakiya alikuwa amejitayarisha kwa suala hili njia nzima. Ofisa yule angesema kwamba usingizi ulimchukua taratibu, kwamba hakuhisi kitu.

"Alibisha, Bi Sayyida."

"Kwa muda?"

"Kiasi cha saa nzima."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makavu.

"Na kuna mtu aliyemsikia?"

"Mlinzi. Mtu mzima, jina lake Thani. Alikaa naye upande wa pili wa mlango mpaka mwisho. Hakufungua. Alikatazwa, na akakubali kukatazwa."

"Alisema naye?"

"Walisemezana, mwanzo."

Bi Sayyida aliinuka, akaenda mlangoni, akawaambia wanawake wasiingie bado. Akarudi, lakini hakukaa.

"Nyie mfanyeni mtakavyo baadaye, hayo ni ya serikali," alisema. "Lakini mwanzo mleteni hapa. Nataka akae mbele yangu anieleze kila neno alilosema mwanangu. Yeye ndiye wa mwisho aliyekuwa naye."

"Huenda asiweze kukutazama, mama."

"Asinitazame," alisema Bi Sayyida. "Aseme tu."

Zakiya alitoka kibarazani kumpigia Saud. Saud alisema jambo kama lile lataka ruhusa ya juu, na ruhusa ya juu haipatikani kabla ya kesho. Zakiya alimwambia hapana, hawangoji ruhusa, amlete Thani sasa hivi. Kisha akarudi ndani, akavua viatu, akakaa chini pamoja na mama mtu kumngoja.